Subira ya Mkulima na Wakati wa Bwana

    

Neno letu la leo limo katika Waraka wa Yakobo, mlango wa tano, aya ya saba na ya nane. Mtume anawaandikia watu waliochoka kungoja. Hawapi hesabu ya siku zilizobaki. Anawaambia wamtazame mkulima, jinsi anavyoyatazamia mavuno ya shamba lake na kuvumilia mpaka mvua za mwanzo na mvua za mwisho zimekwisha kunyesha. Kisha anawaambia, nanyi vumilieni vivyo hivyo, mkiimarisha mioyo yenu.

Ndugu, hakuna mtu katika sehemu zetu hizi asiyejua maana ya kungoja. Yuko kijana aliyemaliza masomo yake, akapeleka barua za kuomba kazi mpaka viatu vikaisha soli, na hakuna aliyemjibu. Yuko mama aliyeolewa miaka kumi iliyopita, na kila akienda kwenye ubatizo wa watoto wa wenzake hurudi nyumbani akalia peke yake jikoni. Yuko mzee mwenye kesi ya shamba mahakamani. Yuko mzazi ambaye mwanawe alikwenda mjini akapotelea kwenye pombe. Hawa wote huomba. Nao wote, kwa siri, huuliza swali moja: Je, Mungu amechelewa?

Hebu basi tumsikilize Yakobo, tumfuate mkulima mpaka shambani, tuone anatufundisha nini.

Kwanza, mkulima hangojei akiwa amekaa.

Tuchukue mkulima wa kahawa, kwa kuwa twamfahamu. Akipanda miche yake leo, hatarajii kuchuma mwaka huu wala mwaka ujao. Aina za zamani zilizopandwa sana kwetu, SL28 na SL34, huanza kuzaa yapata mwaka wa tatu au wa nne. Na hata mti ukiisha kukomaa, tangu ua kufunguka mpaka tunda kuiva ni miezi kama minane. Maua yanayofunguka mvua ndefu zinapoanza, Machi au Aprili, ndiyo yanayotupa mavuno makubwa ya Oktoba hadi Desemba.

Je, muda huo wote mkulima hulala? Sivyo. Hupalilia, hupogoa matawi, hutia mbolea, hutandaza nyasi kavu ili udongo usikauke, hunyunyizia dawa ugonjwa usiozeshe matunda. Lakini liko jambo moja asiloweza kulifanya: hawezi kuivuta mvua, wala hawezi kulifungua ua kwa vidole vyake. Hufanya yote yaliyo yake, na yale ya Mungu humwachia Mungu.

Hapo ndipo wengi wetu hukosea. Wengine husema, “Tunamngoja Bwana,” kumbe wameketi tu. Shamba limejaa magugu, nao husema wanasubiri baraka. Wengine hufanya kinyume: hutaka kuifanya kazi yao na ya Mungu pia, hata usiku hawalali kwa mahangaiko. Subira ya Biblia iko katikati ya hayo mawili, maana mikono ina kazi na moyo una pumziko. Yusufu aliuzwa na ndugu zake akiwa kijana wa miaka 17, akasimama mbele ya Farao akiwa na miaka 30. Miaka hiyo 13 hakukaa bure. Nyumbani kwa Potifa alifanya kazi kwa uaminifu, na gerezani akafanya vivyo hivyo. Hata mnyweshaji alipomsahau, ikapita miaka miwili mizima, Yusufu hakuacha kuwa Yusufu. Siku alipoitwa, alikuwa tayari.

Pili, hata ukame una kazi yake.

Jambo hili wakulima hulijua kwa macho, na wataalamu wa kilimo wamelieleza. Chipukizi za maua ya kahawa hutokea kwenye tawi, kisha hukaa zimefumba, kana kwamba zimekufa. Huhitaji majuma ya ukavu. Baada ya ukavu huo, mvua nzuri ikinyesha, chipukizi huamka, na baada ya siku chache tu shamba lote hugeuka jeupe kwa maua yanayonukia. Mahali ambapo hakuna majira ya ukavu, maua hutoka machache machache, leo haya na kesho yale, na mavuno hayaji pamoja. Kumbe siku zile za jua, mkulima alipotazama juu na kuona mbingu kama shaba, mti wake ulikuwa ukitayarishwa.

Wapendwa, hatusemi kwamba kila shida imeletwa na Mungu ili kututengeneza. Hatuna haki ya kumwambia hivyo mtu aliyefiwa. Lakini tunasema hili: Mungu wetu hapotezi majira. Miezi ambayo wewe unaiona mitupu, huenda yeye anaifanyia kazi. Sala iliyokosa maneno, machozi ya usiku, unyenyekevu unaoingia moyoni mtu anapogundua kwamba elimu yake na jamaa zake hawawezi kumsaidia, hayo yote ni chipukizi zilizofumba. Usizikate kwa sababu huoni ua.

Tatu, tunda bichi haliwi bivu kwa kuchumwa mapema.

Wachumaji wa kahawa hupita mti ule ule mara nyingi. Leo huchuma matunda mekundu, huyaacha ya kijani, hurudi tena baada ya siku kadhaa. Akitokea mwenye haraka, akakwangua tawi zima mabichi na mabivu, atajaza debe lake upesi. Lakini akifika kiwandani atayamwaga matunda chini ayachambue, na mabichi yatatolewa. Na yakipenya bila kuonekana, huharibu ladha ya kahawa ya wenzake wote.

Mfalme Sauli alikuwa mchumaji wa namna hiyo. Katika 1 Samweli, mlango wa 13, tunasoma kwamba aliambiwa amngoje Samweli siku saba. Alingoja. Wafilisti walikuwa wamekusanyika, askari wake walikuwa wakimtoroka, na Samweli haonekani. Sauli akaona heri atoe sadaka mwenyewe. Alipokuwa amemaliza tu, Samweli akatokea. Angalieni, ndugu: Sauli alingoja karibu muda wote, akashindwa mwishoni kabisa. Ni mara ngapi sisi nasi hushindwa hapo hapo? Msichana amengoja mume amchaye Bwana, halafu mwaka ambao rafiki yake wa mwisho ameolewa anakubali mtu yeyote. Mfanyabiashara ameuza kwa haki miaka mingi, halafu wakati wa karo anakubali hongo. Saa ngumu kuliko zote ni ile ya mwisho, kwa kuwa nguvu zimekwisha na majibu bado hayajaonekana.

Nne, na hili ndilo gumu kuliko yote: wakati wa Bwana waweza kuwa mrefu kuliko maisha yetu.

Inueni macho yenu muutazame mlima. Ninyi wa Nyeri mwajua kwamba alfajiri Kirinyaga huonekana wazi, vilele vyake vikimeta kwa theluji. Ifikapo saa nne, mara nyingi mawingu yamekwisha kuufunika, na mgeni aliyefika adhuhuri aweza kukaa siku nzima akidhani hakuna mlima. Lakini mlima haukuondoka.

Wazee wetu waliujua tangu zamani. Mzungu wa kwanza kuleta habari zake Ulaya alikuwa mmisionari Mjerumani, Johann Ludwig Krapf, aliyetumwa na shirika la CMS la Uingereza. Krapf alifika Mombasa mwaka 1844. Miezi michache tu baada ya kufika, mwezi wa Julai, homa ilimwua mkewe Rosina, na mtoto wao mchanga akafa pia. Aliwazika ng’ambo ya kisiwa cha Mombasa, akabaki peke yake. Baadaye mwenzake Johannes Rebmann alikuja, nao mwaka 1846 wakafungua kituo Rabai. Walihubiri, walitembea, walijifunza lugha. Waliobatizwa siku zake walihesabika kwa vidole.

Tarehe 3 Desemba 1849 Krapf alikuwa Kitui, mgeni wa Kivoi, mkuu mashuhuri wa Wakamba. Siku hiyo mawingu yalifunguka, akauona mlima wetu kwa mbali, na weupe juu yake. Alipoandika habari hizo, wako wataalamu Ulaya waliomcheka. Walisema, theluji yawezaje kukaa juu ya ikweta? Krapf hakupata kufika chini ya mlima ule. Kivoi aliuawa mwaka 1851 walipokuwa safarini pamoja, na Krapf akaponea chupuchupu. Afya yake ikadhoofika, akaondoka Afrika Mashariki mwaka 1853. Alikufa kwao Ujerumani mwezi wa Novemba 1881. Kamusi yake kubwa ya Kiswahili ilitolewa mwaka 1882, yeye akiwa kaburini. Na mwaka 1883 msafiri Joseph Thomson aliuona mlima kutoka upande wa Laikipia, akathibitisha kwamba maneno ya mzee yule yalikuwa kweli.

Injili je? Mwaka 1908 wamisionari wa Kanisa la Scotland walifungua kituo cha Tumutumu, karibu na mahali palipo mji wa Karatina leo. Kutoka siku ile Krapf aliposimama Kitui mpaka Tumutumu kufunguliwa ni miaka 59. Chogoria, upande wa mashariki wa mlima, Daktari Clive Irvine alianza kazi mwaka 1922. Leo ukizunguka mlima huo Jumapili asubuhi, toka Nyeri mpaka Meru, husafiri mbali bila kusikia nyimbo za sifa. Krapf hakuzisikia. Aliuona mlima kwa mbali, basi.

Je, maombi yake yalikataliwa? Au yalijibiwa kwa wakati ambao si wake? Waraka kwa Waebrania, mlango wa 11, unataja watu wa namna hiyo hiyo, waliokufa katika imani wakiwa wameziona ahadi kwa mbali tu, wakazisalimu. Mzazi unayemwombea mwanao, kumbuka hili. Huenda utamwona akirudi. Na huenda sala zako zitamfikia wakati wewe umekwisha kulala. Mungu hana haja ya wewe kuwa hai ili aikumbuke sala yako.

Tufikiri pia juu ya Biblia ya Kikikuyu. Agano Jipya zima lilitolewa mwaka 1926. Biblia nzima ilitolewa mwaka 1951. Kati ya hizo mbili ni miaka 25. Katika miaka hiyo watu walitafsiri, wakasahihisha, wakabishana juu ya neno moja kutwa nzima, na wengine waliokuwapo mwanzoni hawakuuona mwisho. Bila shaka wako waliosema kazi imechelewa mno. Lakini tazameni kilichofuata: tarehe 20 Oktoba 1952 serikali ya kikoloni ilitangaza Hali ya Hatari. Wakaja kukamatwa watu kwa maelfu na kupelekwa kambini, Manyani na kwingineko. Watu wakaondolewa mashambani mwao na kukusanywa katika vijiji vilivyozungushiwa handaki. Jamaa zikagawanyika, damu ikamwagika, na hata waliokuwa wakiimba pamoja kanisani wakaogopana. Katika saa hiyo ya giza, watu wa milima hii walikuwa nayo Biblia nzima katika lugha ya mama zao: Zaburi za mwenye kulia usiku, Maombolezo ya Yeremia, Ayubu katika majivu. Sisi hatuzijui hesabu za Mungu, wala hatudai kuzisoma. Twasema tu kwamba kazi iliyoonekana kuchelewa ilikuwa tayari siku ilipohitajiwa.

Sasa, wapendwa, kabla hatujamaliza, ni lazima tuseme neno moja la kuonya. Si kila kuchelewa ni wakati wa Bwana.

Kuna kuchelewa kunakoletwa na wanadamu, nasi tusimtwike Mungu lawama zao. Mpaka miaka ya 1930, utawala wa kikoloni haukumruhusu Mwafrika wa Kenya kulima kahawa yake mwenyewe. Kisha majaribio yakaruhusiwa Meru, Embu na Kisii. Na kwetu Nyeri ni katika miaka ya 1950, hasa baada ya Mpango wa Swynnerton wa 1954, kahawa ya wakulima wadogo ilipoenea. Je, Mungu ndiye aliyewazuia baba zetu? Hasha! Udongo ulikuwa ule ule, mvua ile ile. Ni watu waliozuia, na ilikuwa haki kuwadai watu hao.

Vivyo hivyo leo. Mkulima akicheleweshewa malipo ya kahawa yake kwa sababu ya ulaji wa wachache, asiambiwe mimbarani, “Ngoja wakati wa Bwana.” Na aulize kwenye mkutano wa ushirika wake, aulize kwa heshima, aulize tena. Mama mwenye uchungu wa kuzaa asichelewe nyumbani kwa kusema anangoja Mungu. Apelekwe hospitali usiku huo huo, na maombi yafanyike njiani. Mke anayepigwa asiambiwe avumilie tu. Kumbukeni yule mjane katika Luka, mlango wa 18. Alimwendea kadhi dhalimu kila siku mpaka akapewa haki yake, na Bwana Yesu alimtumia kuwa mfano wa watu waombao bila kukata tamaa. Mjane yule alikuwa na subira, na miguu yake pia ilikuwa na kazi.

Basi tutajuaje tofauti? Jiulize maswali mawili. La kwanza: Je, liko jambo lililo halali, lililo mikononi mwangu, ambalo sijalifanya? Kama liko, lifanye leo. La pili: Je, njia inayonijia ili nisiendelee kungoja inanitaka niseme uongo, nidhulumu mtu, au niende kwa mganga? Kama ndivyo, hiyo si njia ya Bwana, hata kama mlango wake u wazi kabisa.

Na ukiisha kufanya yote yaliyo yako, na bado hakuna jibu, tunakushauri mambo matatu.

Usingoje peke yako. Watu wa mlima huu hawakupanda kahawa kila mtu kivyake tu. Walijenga viwanda vya ushirika. Mwambie mwenzako mmoja mwaminifu kanisani jambo unalolingojea, naye akuombee kwa jina.

Hesabu yaliyokwisha kutendeka. Mkulima hutegemea mvua ijayo kwa kuwa amekwisha kuiona iliyopita. Kaa chini na watoto wako, uwaeleze mahali Bwana alipowatoa.

Wala usiache kumhudumia mwingine. Mara nyingi anayengoja mtoto ndiye mwalimu bora wa shule ya Jumapili, na anayengoja kazi ndiye mwenye nafasi ya kumtembelea mgonjwa. Usiseme, “Nitamtumikia Bwana nikiisha kupata.” Mtumikie sasa.

Ndugu zetu Martha na Mariamu walimpelekea Yesu habari kwamba Lazaro ni mgonjwa. Yohana anatuambia kwamba Yesu aliwapenda, na kwamba hata hivyo alikaa siku mbili zaidi mahali alipokuwa. Alipofika, Lazaro alikuwa na siku nne kaburini. Wale dada wawili, kila mmoja kwa wakati wake, walimwambia jambo lile lile: kama angalikuwapo, ndugu yao hangalikufa. Yesu hakuwakemea kwa kusema hivyo. Alilia pamoja nao. Kisha akaenda kaburini, akamwita Lazaro atoke. Wewe unayesikia Bwana amechelewa, mwambie hivyo. Anaweza kulisikia neno hilo. Naye aliyekawia ndiye yule yule aliyelia, na ndiye aliyelifungua kaburi.

Tuombe.

Ee Baba, nyakati zetu zi mikononi mwako. Mkumbuke kila mmoja anayengoja saa hii: asiye na kazi, asiye na mtoto, mgonjwa, mfungwa, mkulima anayetazama mbingu. Utupe mikono isiyolegea na moyo usiohangaika. Utuzuie tusichume kilicho kibichi. Wale wanaowacheleweshea wengine haki yao, uwageuze. Na kama jibu lako litakuja baada yetu, utupe neema ya kuliona kwa mbali na kukushukuru. Twaomba katika jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.

Mpaka tutakapokutana tena, Bwana awabariki na kuwalinda ninyi na nyumba zenu.